Maiti Mlangoni pa Makaburi

Wako wasomi waifundishao filamu ya Borom Sarret, aliyoitengeneza Ousmane Sembène mwaka 1963, kama kisa cha mwendesha mkokoteni asiyejua kuweka akiba. Hoja yao ni hii: mtu huyu huchuma kidogo mjini Dakar kwa kupakia watu na mizigo, akatokea msifu-watu akautukuza ukoo wake, naye kwa kulewa sifa akampa chumo lake. Basi, wasema, njaa yake ameinunua mwenyewe. Usomaji huu ni mwepesi, tena wawapendeza walioshiba.

Katika dakika zake 20 hivi filamu ina jambo zito kuliko hilo. Baba mmoja apakia maiti ya mtoto wake mchanga apeleke kuzika. Mlangoni pa makaburi adaiwa karatasi, na karatasi zake hazikutimia; azuiwa. Mwendesha mkokoteni aiweka maiti chini, akaenda zake. Kwa Waislamu wa Senegal, sawa na wale wa Lamu au Unguja, kuzika maiti ni faradhi ya umma mzima: wote wakiiacha, wote wana dhambi. Mji wa Dakar waigeuza faradhi kuwa ruhusa ya ofisi. Asiye na paa juu ya kichwa huitwa fukara. Aitweje aliyenyimwa hata mwanandani? Na Senegal ilikuwa na miaka 3 tu ya uhuru.

Ikiwa mwendesha mkokoteni ana hatia, ni hapa alipoigeuzia maiti kisogo, wala si kwa msifu-watu. Lakini sheria iliyomfukuza mtoto yamfuata naye. Abiria mwenye suti amshawishi kuingia Plateau, mtaa wa wakubwa uliokatazwa mikokoteni. Askari amnyang'anya mkokoteni, na nishani yake ya vita yaanguka ikakanyagwa. (Kasoro ya filamu ni kwamba fikira za mtu huyu zasikika kwa Kifaransa, lugha ya Plateau hiyo hiyo.) Arudi nyumbani mikono mitupu; mkewe amwachia mtoto, aahidi kwamba usiku watakula, atoka.

Atakaye kumlaumu kwa zile sarafu za msifu-watu na aeleze kwanza ni akiba ya kiasi gani ingalimfungulia yule mtoto mlango wa makaburi.