Projekta mbili, saa ya nani?

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa napigana na projekta.

Tulionyesha sinema ya 3D kwenye ukumbi mdogo hapa mtaani: projekta mbili, laptopu mbili, moja ya jicho la kushoto, nyingine la kulia. (Kitambaa kipakwe rangi ya fedha, ukuta mweupe huvuruga mwanga na miwani haifanyi kazi.) Tukabonyeza kwa pamoja. Baada ya saa moja watoto wanalia vichwa vinauma. Wenzangu wanataka tununue laptopu zenye kasi zaidi. Napinga!

Kila kompyuta ina fuwele yake ya kuhesabu muda. Zikitofautiana sehemu 50 tu kwa milioni, kwa saa moja zimeachana sekunde 0.18, yaani zaidi ya fremu 4 kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Kasi haitibu hilo.

Mwaka 1952 Bwana Devil, sinema ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli (Makongeni ni mtaa wa watu wa reli, kwa hiyo naihesabu yetu), ilionyeshwa kwa projekta mbili zilizofungamanishwa. Mkanda mmoja ukikatika na kupoteza fremu 3, fundi aliunga fremu 3 nyeusi mahali pake. Walihesabu fremu, si dakika.

Basi nimeandika kaprogramu: laptopu ya kushoto inatuma namba ya fremu kwa kebo, ya kulia inatii tu. Jumamosi tunarudia. Watoto wale wale wataingia bure.