Upasuaji wa kupunguza mikono: kovu ndilo litakalorudi Lubumbashi

Mwezi wa tisa mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza semaglutide na dawa nyingine za kundi lake katika orodha ya dawa za lazima, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walio na ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu au ugonjwa sugu wa figo, pamoja na unene wa kupindukia. Ilisomwa kama habari ya kisukari, na kweli ndivyo ilivyo. Lakini ina upande mwingine ambao hausemwi sana. Mtu akipungua kilo 30 au 40, iwe kwa dawa, kwa upasuaji wa tumbo au kwa kujinyima chakula, mafuta yanaondoka ila ngozi hairudi yote mahali pake. Inabaki ikining'inia tumboni, mapajani, na hasa kwenye mkono wa juu, kati ya kwapa na kiwiko. Mazoezi hujaza misuli iliyo chini ya ngozi hiyo. Ngozi yenyewe hayaikati.

Hapo ndipo panapoingia upasuaji wa kuinua mikono. Daktari anakata ngozi iliyozidi, anaondoa mafuta yaliyobaki, anashona. Marekani, chama cha madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile kilitangaza mwaka 2013 kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji huo walitoka zaidi kidogo ya 300 mwaka 2000 hadi zaidi ya 15,000 mwaka 2012. Mtindo huo sasa unauzwa kwa Waafrika pia. Mashirika ya safari za matibabu ya Tunis, Istanbul na miji ya India yanatafuta wateja katika nchi zinazosema Kifaransa, kwa simu na kwa video, na mwanamke wa Lubumbashi anayaona sawa na yule wa Abidjan au Kinshasa. Picha ni mbili kila mara, kabla na baada. Katika ile ya pili mkono huwa umeshushwa, umebanwa kando ya mwili, na taa iko mbele.

Kovu liko upande wa ndani.

Na si kovu dogo. Katika upasuaji wa kawaida linaanzia kwapani na kufika karibu na kiwiko, kwa mikono yote miwili. Madaktari wengine huliweka ndani ya mkono ili lifichike mtu akishusha mikono, wengine huliweka nyuma zaidi ili mwenyewe asilione akiwa mbele ya kioo. Ngozi ikiwa imezidi sana, mkato unapita kwapani na kushuka ubavuni. Iko aina ndogo ambayo kovu lake linaishia kwapani tu, lakini inamfaa mtu mwenye ngozi kidogo ya kuondoa, na huyo kwa kawaida siye anayeteseka. Kunyonya mafuta peke yake kunaacha alama ndogo za matundu. Ila kama ngozi tayari imelegea, mafuta yakitoka inalegea zaidi.

Kwa hiyo hesabu ni hii: unatoa ngozi iliyolegea, unapokea mstari mrefu usiofutika. Kwa watu wengi mstari huo unavimba na kubadilika rangi miezi mitatu hadi sita ya kwanza, kisha unalainika polepole hadi mwaka mmoja au mmoja na nusu. Wako wanawake wengi duniani waliofanya biashara hiyo na hawajuti. Wengine walikuwa na vidonda na fangasi kwenye mikunjo ya ngozi kila msimu wa joto, na kwao neno urembo halitoshi kueleza walichokwenda kutafuta.

Shida ni kwamba hesabu hiyo haiko sawa kwa kila ngozi. Keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua hadi kupita mpaka wa kidonda chenyewe, hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi kuliko kwa weupe, na mara nyingi hufuata ukoo. Si sawa na kovu nene la kawaida, ambalo linabaki ndani ya mpaka wa kidonda na huweza kushuka lenyewe baada ya muda. Keloidi haishuki. Inawasha, inauma, inavuta, na inaweza kuanza miezi mingi baada ya nyuzi kutolewa, wakati mgonjwa amekwisha kusahau. Kuikata tu, bila matibabu mengine, kunairudisha kwa wagonjwa wengi, na pengine inarudi kubwa kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana inatibiwa kwa sindano za kortizoni ndani ya kovu, zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, kwa bamba za silikoni na kwa kubana, na kwingine kwa mionzi mara baada ya kukata.

Ni haki kusema kwamba upande wa ndani wa mkono si kati ya sehemu mbaya zaidi kwa keloidi. Kifua, mabega na ndewe za masikio ndizo zinazoongoza. Lakini mkato unaopita kwapani kuelekea kifuani unakaribia eneo hilo, na kwapa ni mahali pa jasho na pa kusuguana, ambapo kidonda hufunguka kwa urahisi.

Kitu cha ajabu ni kwamba mtu wa Lubumbashi huwa tayari anayo sehemu ya jibu mwilini mwake, bila kulipa hata franka moja. Alama ya chanjo ya BCG ya utotoni: je, ilibaki bapa au iliota kama njugu? Matundu ya hereni? Kovu la kujifungua kwa kupasuliwa, miaka kumi iliyopita? Mama mzazi, dada, shangazi upande wa baba: kuna aliyetokwa na uvimbe baada ya kukatwa au kuungua? Kwa wanaume, vipele vigumu vya kisogoni baada ya kunyoa ni swali la kuulizwa pia. Kovu bapa la zamani halihakikishi kovu bapa la kesho, lakini mwenye keloidi tayari anajua ngozi yake inafanya nini ikikatwa, na daktari anayemwambia hilo si kitu anastahili kuachwa.

Swali la pili linaulizwa kwa shida zaidi, kwa sababu ni la aibu. Ni kuhusu kujichubua. Mafuta mengi ya kung'arisha ngozi yana hidrokinoni, mengine zebaki, na mengi yana kortizoni kali. Nchi za mkataba wa Minamata zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025, lakini kortizoni haimo katika mkataba huo, na kwa mpasuaji ndiyo yenye hatari ya karibu zaidi. Ikipakwa miaka mingi inaikonda ngozi na kuchelewesha kidonda kufunga. Nyuzi zinaweza kukata ngozi kama karatasi iliyolowa. Ikipakwa mwili mzima inaingia pia katika damu, na mwili unaweza kuacha kutengeneza kortizoni yake wenyewe. Mtu wa namna hiyo akilazwa chini ya dawa ya usingizi bila daktari kujua, presha inaweza kuanguka ghafla. Tena, kuacha mafuta hayo kwa siku moja peke yako ili uonekane safi mbele ya daktari kunaweza kuleta hatari hiyo hiyo. Inatakiwa kusema ukweli mapema na kupunguza kwa mpango. Na kovu juu ya ngozi iliyochubuliwa mara nyingi hugeuka jeusi kuliko ngozi inayolizunguka.

Daktari wa Tunis au Istanbul anayeongea kwa video ya dakika kumi na tano hataona hayo yote. Pengine hatauliza. Yeye atamwona mgonjwa siku chache kabla ya mkato na siku chache baada yake. Kovu litakomaa Lubumbashi, kwa mwaka mzima, na hapo ndipo hesabu ya pesa inapobadilika. Anayelinganisha bei analinganisha tiketi, hoteli na chumba cha upasuaji. Haweki sindano za kila wiki nne au sita, haweki silikoni, haweki uwezekano wa kidonda kufunguka wiki ya tatu, usaha, au maji kujikusanya chini ya ngozi na kuhitaji kunyonywa. Kuna pia mishipa midogo ya hisia inayopita karibu na mkato. Ikiguswa, mkono wa chini hufa ganzi, kwa muda au daima. Kurudi kwa daktari aliyekata maana yake ni ndege nyingine na viza nyingine. Hata Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500.

Wapasuaji wako mjini. Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi na hospitali ya Jason Sendwe zinapokea kila siku watu waliovunjika, walioungua, waliopata ajali. Upasuaji wa kurekebisha ngozi katika nchi hii umejengwa zaidi juu ya majeraha ya moto na midomo iliyopasuka kuliko juu ya urembo, na huo si ujuzi mdogo: anayejua kovu la moto anajua keloidi. Lakini daktari ambaye hakukuona kabla ya mkato, asiye na ripoti ya upasuaji mkononi, anayeletewa mkono uliovimba na kutoa harufu, anaanza kazi akiwa gizani. Mgonjwa anayesafiri bila kutafuta kwanza daktari wa hapa wa kumfuatilia, na bila kudai ripoti iliyoandikwa, amenunua nusu ya matibabu.

Kubaki nyumbani au kwenda nchi jirani hakuondoi hatari pia. Mwezi wa kumi 2024, mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, likafunga kliniki iliyompasua. Kifo hicho hakikuhusu makovu wala mikono. Kilionyesha kwamba kliniki inaweza kuwa na matangazo mazuri, wateja maarufu na wafuasi wengi mtandaoni, na msimamizi wa taaluma akafika baada ya mtu kufa. Congo ina Baraza lake la Madaktari tangu 1968, na kila daktari anapaswa kuwa na jina katika orodha yake. Kuuliza jina hilo si kumvunjia daktari heshima. Kuuliza amesomea upasuaji gani, na kuomba picha za makovu ya wagonjwa wake wenye ngozi nyeusi baada ya mwaka mmoja badala ya baada ya wiki mbili, ni swali ambalo mpasuaji mzuri amekwisha kulizoea.

Nani basi angeweza kukubali, na nani angesubiri? Mwenye uzito uliotulia angalau miezi sita, asiyevuta sigara, ambaye sukari yake iko chini ya ulinzi, makovu yake ya zamani ni bapa, na ngozi iliyozidi inamletea vidonda: huyo ana sababu nzuri, na kovu linaweza kuwa bei ndogo. Mwenye keloidi kifuani au sikioni, na ambaye tatizo lake ni picha za harusi, yuko mbali na hapo. Kwake fundi wa kushona wa Kamalondo, kwa libaya lenye mikono mipana ya kikwembe kile kile, anatoa matokeo yanayoonekana siku hiyo hiyo na kwa bei inayojulikana. Anayeendelea kupungua angoje, la sivyo atakatwa mara mbili.

Iko pia kalenda, ambayo mashirika ya Istanbul hayaijui. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi kuna baridi, jasho ni kidogo, na kwapa hukauka vizuri zaidi kuliko mwezi wa kumi wakati joto linapanda kabla ya mvua. Jua la uwanda huu wa juu ni kali mwaka mzima, na kovu changa likipigwa na jua huwa jeusi na kubaki hivyo kwa muda mrefu. Madaktari wanaomba lifunikwe hadi likomae. Kwa hiyo mwanamke aliyelipa maelfu ya dola ili aache kuvaa mikono mirefu ataivaa mwaka mmoja zaidi, mwezi wa kumi ukiwemo.