Jina "Kisukari" Lampotosha Mzazi

Neno "kisukari" limeundwa kwa kiambishi kile kile tukionacho katika kichocho, kifafa na kipindupindu. Kwa jicho la mwanaisimu, halina kasoro. Lakini asikiaye sukari imetajwa huamini kwamba sukari ndiyo iliyoleta maradhi, na Kidholuo, kisemacho "tuo mar sukari", hakimsaidii hata kidogo. Kwetu huku, ambako mashamba ya miwa yameenea hadi Muhoroni na Chemelil, mtoto hukosa vipi kulaumiwa?

Mtoto wa miaka tisa aliyeshikwa na maradhi haya hakuyala. Kongosho lake limeacha kutoa insulini, na bila insulini ya sindano kila siku hufa. Hupatwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, hukonda, hatimaye hutapika na kuhema kwa nguvu. Kando ya ziwa hili lenye mbu, kutapika huitwa malaria kabla ya lolote lingine. Kukonda nako huweza kuitwa chira, na familia ikaanza kutafuta mwiko uliovunjwa. Siku ambazo zingemwokoa hupotelea hapo.

Vitabu vya utabibu hueleza kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyozigeukia na kuziua seli zinazotoa insulini. Ushahidi wake hutafutwa kwa ustadi mkubwa. Jeni ya binadamu inayounda protini iitwayo GAD65, mojawapo ya zile zinazopatikana katika seli hizo, hupandikizwa ndani ya hamira au bakteria, navyo viumbe hivyo huizalisha kwa wingi. Ni njia iliyotumiwa huko California mwaka wa 1978 kuunda insulini ya binadamu, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1982. Lakini katika kipimo hiki GAD65 haitumiki kama dawa. Ni chambo, wavuvi wa Dunga wangesema. Majimaji ya damu ya mgonjwa huwekwa juu yake. Kingamwili zikiinasa, hujulikana kwamba mwili umejishambulia.

Mwaka wa 2025 jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology lilichapisha utafiti juu ya watoto na vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, ambao wote walikuwa wametambuliwa kuwa na aina hii ya kisukari. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili za GAD65 wala za protini nyingine zilizopimwa. Chambo kilirudi kitupu. Hata hivyo insulini yao ilikuwa imepungua, na waliihitaji vile vile. Mzazi asije akaiacha sindano kwa kusoma habari hii. Kisichojulikana ni kilichoziharibu seli zao.

Basi jina la kienyeji linapotosha, na lile la kitabuni, yamkini, haliwaelezi wengi wa watoto wetu. Napendekeza tuseme "upungufu wa insulini". Mama wa Seme au Mbita asikiapo "upungufu wa damu" hajiulizi mtoto alikula nini. Huuliza damu itapatikana wapi. Na aulize hivyo hivyo kuhusu insulini, tena aulize kwa sauti, maana zahanati isiyo na dawa hiyo wala jokofu la kuihifadhi haimfai kitu.

Uganda, tunayegawana naye ziwa, ilikuwamo katika utafiti ule, Kenya haikuwamo. Pale Kisian, nje kidogo ya Kisumu, KEMRI ina maabara ambazo kwa miaka mingi zimechunguza damu ya watoto wa Nyanza kwa ajili ya malaria. Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia zapaswa kuafikiana nayo ili watoto wao wenye upungufu wa insulini wapimwe kingamwili hizo. Wakati hayo yakisubiriwa, kila mtoto anayetapika na kuhema apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole, siku ile ile anayopimwa malaria.