Siku ya Demokrasia Isiwe ya Mahema

Kila tarehe 15 Septemba, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Demokrasia. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 2007, kwa kulikumbuka Azimio la Demokrasia lililopitishwa na Muungano wa Mabunge Duniani mjini Cairo, Septemba 1997. Nasi twauliza: mwaka huo wa 1997, Wakenya tulikuwa wapi?

Wapo wasomaji wetu wawezao kujibu kwa kuonyesha makovu. Tarehe 7 Julai mwaka huo, polisi wa kutuliza ghasia walivamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakawapiga waumini na watetezi wa mageuzi waliokusanyika kwa maombi. Marungu na gesi ya kutoa machozi viliingia mahali pa sala. Miezi miwili baadaye, huku demokrasia ikisifiwa Misri, wabunge wetu walikuwa wakipatana juu ya mageuzi haba.

Hatusemi haya ili kufukua makaburi. Twasema kwa sababu neno demokrasia halimlemei mtawala yeyote kulitamka. Hata mlolongo wa 1988 ulitetewa kwa jina hilo: mpiga kura alisimama hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amechaguliwa pasipo kura ya siri. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa limeupinga utaratibu huo tangu 1986, na likachukiwa kwa hilo.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 37, ikatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Lakini vijana waliopigwa risasi Juni 2024 wakiupinga Mswada wa Fedha waliuawa chini ya Katiba hiyo hiyo.

Mnamo Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa kwa kanisa moja jijini. Wengine waliona ugomvi wa fedha tu. Sisi tuliona mimbari ikijikomboa, kwani mhubiri aliyelipiwa hawezi kumkemea mlipaji. (Na tukiri: si makanisa yote yaliyofuata mfano huo.)

Basi twawasihi ndugu zetu wa parokia na vikundi, siku hiyo msikodi mahema. Someni Kifungu cha 1 na cha 37 kwa sauti, katika lugha ambayo bibi aliyeketi nyuma anaielewa. Wazee waliosimama kwenye mlolongo wawasimulie vijana, na vijana wa 2024 wawasimulie wazee. Ulizeni ni nani katika wadi yenu hajajiandikisha kupiga kura, na kwa nini. Mwanasiasa akija, akaribishwe kuketi na kusikiliza. Sadaka ya siku hiyo iende kwa familia zilizozika watoto wao.