Shuka Kwenye Basi, Garissa Haiumi

Kila wiki naona video ileile. Msee wa Nairobi anapita Garissa akienda Wajir, Mandera ama Dadaab. Ana saa mbili tatu za kungoja safari iendelee. Anafanya nini? Anabaki kwenye kiti, pazia limefungwa, anarekodi kupitia dirishani halafu anaandika, "Tuombeane, nimefika Garissa."

Tuombeane ya nini sasa? Nje hapo kuna mama anauza chai.

Mimi ni wa hapa. Chuo niliacha mwaka wa pili nikashika kamera, kwa hivyo hii biashara naijua. Woga unaleta watazamaji haraka kuliko kitu kingine chochote. Lakini huo woga mnaouza una jina la mji wetu.

Najua mtanijibu na 2015. Tarehe 2 Aprili mwaka huo watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Hapa hakuna mtu amesahau. Lakini wale vijana walitoka kila pembe ya Kenya wakaja kusoma na kuishi hapa. Wao walishuka kwenye basi. Na chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Westgate ilishambuliwa 2013, Dusit 2019, na bado sijaona mtu akiandika "tuombeane" akifika Westlands kunywa kahawa.

Sisemi hakuna shida. Barabara za kuelekea mpakani zina hatari yake, na sikutumi Liboi kupiga selfi. Nasema mjini, mchana, ukiwa na kitambulisho mfukoni na mwenyeji wa kuuliza.

Una saa tatu? Haya.

Kama umefika asubuhi, anza na soko la mifugo, moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Kuna ng'ombe, mbuzi na ngamia, wengine wametembezwa kutoka mbali, hata Somalia. Nyama yako ya choma ya Nairobi huenda ilipitia hapa ikiwa bado na miguu. Angalia madalali: wawili wameshikana mikono chini ya kitambaa, vidole ndivyo vinataja bei, na wewe unayesimama kando huambulii kitu. Ukitaka picha ya mtu, omba kwanza. Hawa ni watu wako kazini.

Halafu ingia Suq Mugdi. Kwa Kisomali maana yake ni soko la giza, na kabla hujaanza kuogopa tena, ndani ni vitambaa, hina na uvumba. Ukitoka hapo kula wali na nyama ya ngamia. Ile ndizi wameweka kando ya sahani si ya baadaye, inaliwa pamoja na wali. Malizia na shaah yenye iliki na mdalasini, ama maziwa ya ngamia kama tumbo lako lina ujasiri.

Saa ya mwisho chagua. Bour-Algi iko kama kilomita 5 kusini mwa mji, boda inakufikisha. Utaona twiga wa kaskazini, wale wenye mistari safi kama wavu, waliowekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 2018. Wanatunzwa na jamii ya wafugaji, wale wale mnaosema hawajui kitu. Ama nenda Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, uone mashamba ya ndizi na maembe mahali ulidhani ni mchanga tu. Usioge, mamba wapo.

Sasa nikwambie kwa nini hii inaniuma. Wazee wetu mpaka leo wakivuka daraja kwenda Nairobi wanasema "naenda Kenya." Hawakuamka tu wakaamua hivyo. Mkoloni aliifunga kaskazini, bila kibali huingii wala hutoki. Uhuru ukaja 1963, ikafuata hali ya hatari iliyodumu mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Vizazi viwili vitatu vimekua vikiambiwa kwamba ng'ambo hii ya mto si Kenya kamili. Zile sheria zimeondoka, lakini wewe mwenye miaka 22 na simu nzuri bado unazifanyia kazi, tena bure.

Na hasara si ya roho tu. Muuza chai, mwenye hoteli, kijana wa boda, wote wanaona basi limejaa na hakuna anayeshuka.

Kwa hivyo ukipita tena, fungua pazia, shuka, kula. Chakula kikiwa kibaya, kiseme kwa video, tutabishana kama watu. Lakini usituhukumu kupitia kioo.