Amani bila haki ni mapumziko ya vita

Vita huamuliwa na wachache na hulipwa na wengi. Wanaoamua hukaa katika majumba yenye walinzi. Wanaolipa ni mkulima anayeliacha shamba likiwa limeiva, mama anayevuka ziwa usiku na mtoto mgongoni, na kijana anayekabidhiwa bunduki kabla hajakabidhiwa kalamu. Wahenga walikwisha kulisema jambo hilo: wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Si ajabu, basi, kwamba upinzani wa kweli dhidi ya vita, mahali pengi duniani, umeanza miongoni mwa wananchi wa kawaida. Na kila mara wananchi hao walipoanza kudai amani, walijikuta wanadai pia ardhi, usawa wa wanawake na uhuru wa kujiamulia mambo yao. Je, walikuwa wanachanganya mambo yasiyohusiana?

Wapo wanaosema ndivyo. Kwa maoni yao, mpenda amani ahubiri upatanisho, na masuala ya ardhi, mirathi na uraia awaachie wengine. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haistahimili mtihani wa mambo yaliyotokea katika Afrika Mashariki yenyewe.

Funzo la Mpanda

Hakuna atakayeitaja Sibwesa katika orodha ya medani za vita. Ni kata ya wakulima katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Hata hivyo nchi yote ile ya Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, imeishi na matokeo ya vita vya wengine kwa miaka mingi. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman alifika mwaka 1889. Alikuwa ametekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, na akawatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha yake ni ushahidi kwamba vita na unyonyaji ni ndugu wa tumbo moja: vijiji vilichomwa moto ili watu wapate kuuzwa.

Miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walipewa makazi Mwese. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na watu wengi mno wakakimbilia Tanzania. Yakaanzishwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na mwaka 1978 Mishamo. Wakimbizi hao hawakuachwa wakae chini ya maturubai wakingoja mgao wa unga mwaka hadi mwaka. Walipewa ardhi, wakafyeka msitu, wakalima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: methali hiyo ilifanywa kuwa sera, na mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya kuwahudumia wakimbizi.

Aliyempa mkimbizi jembe amefanya kazi kubwa ya kupinga vita kuliko watoa hotuba wengi. Kijana mwenye shamba ana jambo la kupoteza. Kijana asiye na kitu ni mawindo ya kila mwenye bunduki za kugawa. Lakini historia hiyo hiyo inaonyesha pia kwamba jembe peke yake halitoshi.

Mwaka 2007 wakimbizi wa mwaka 1972 walipewa nafasi ya kuchagua ama kurudi Burundi ama kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi waliomba uraia, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Hata hivyo vyeti havikutolewa papo hapo, kwa sababu ilikuwa imepangwa kwamba kwanza wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine. Ilipofika mwaka 2014 ndipo vyeti vilipoanza kutolewa bila sharti hilo. Katika miaka hiyo ya kungoja, hapakuwa na vita Mishamo wala Katumba. Lakini mkulima asiyejua kama mwakani atakuwa hapo alipo hapandi mwembe, hajengi kwa tofali la kuchoma, wala hamwoni jirani yake kama mtu wa kuishi naye mpaka uzeeni. Uamuzi wa mwaka 2014 ulikuwa uamuzi wa haki, na kwa sababu hiyo ulikuwa uamuzi wa amani.

Wanawake wa Arusha na wa Wajir

Mazungumzo ya kutafuta amani ya Burundi yalipoanza Arusha mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, waliokaa mezani walikuwa wakuu wa vyama, na karibu wote walikuwa wanaume. Wanawake wa Burundi, waliokuwa wamepoteza waume, watoto na mashamba, walisimama mlangoni wakidai waingie. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, na Mzee Nelson Mandela akashika nafasi yake. Mwezi Julai 2000 wanawake kutoka vyama vyote vilivyoshiriki walikutana Arusha, wakavuka mipaka ya Uhutu na Ututsi, na kukubaliana juu ya madai yao.

Hawakudai bunduki zinyamaze tu. Walidai haki ya mwanamke kumiliki na kurithi ardhi, elimu kwa wasichana, na adhabu kwa waliowanajisi wanawake vitani. Mkataba ulipotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, mengi ya mapendekezo yao yalikuwa yameingizwa ndani yake. Walijua wasilolijua wakuu wa vyama: mjane anayerudi kijijini akakuta shamba limechukuliwa na shemeji bado yumo vitani, hata kama majeshi yamekwisha kupeana mikono.

Somo hilo hilo lilitolewa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wasomali ziliuana huko kwa ajili ya malisho, visima na siasa. Kikundi kidogo cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, kilianza na soko. Walisimamia jambo dogo lenye uzito mkubwa, kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, na kutoka kwa wazee wakawaendea vijana na watumishi wa Serikali. Mwaka 1993 wazee wa koo walifikia mapatano, na baadaye ikaundwa kamati ya amani na maendeleo. Jina hilo halikuwa la bahati nasibu. Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011, lakini mfano wa kamati hizo ulikwisha kuigwa katika sehemu nyingine za Kenya.

Dunia nzima yaelekea huko huko

Profesa Wangari Maathai alianza na miti mwaka 1977. Mwaka 1992 alikuwa pamoja na akina mama waliogoma kula katika Uhuru Park, Nairobi, wakidai watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiwe. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Waliouliza miti ina uhusiano gani na amani hawakuwa wamewaona watu wakiuana kwa ajili ya kisima.

Huko Marekani, Martin Luther King alipoipinga hadharani vita ya Vietnam tarehe 4 Aprili 1967, hata baadhi ya marafiki zake walimlaumu kwa kuacha mambo ya haki za Weusi. Yeye aliona kwamba fedha zilizoteketezwa kwa mabomu zilikuwa zimenyang'anywa kwa maskini, weusi kwa weupe. Nao maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na kupigana Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, waliipindua serikali ya kifashisti ya Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Ukombozi wa Mwafrika ukamfungulia mlango Mreno naye.

Mfano huo wa mwisho uwazindue wanaodhani kwamba kupinga vita ni kukubali kuonewa. Watanzania waliowaunga mkono wapigania uhuru wa Msumbiji hawakuwa wapenda vita. Ukoloni wenyewe ulikuwa vita ya kudumu dhidi ya wananchi. Amani inayomtaka mnyonge anyamaze ili mwenye nguvu asisumbuliwe ni mapumziko tu, na bunduki hubaki nyuma ya mlango.

Kazi iko vijijini

Hayo yanairudisha hoja Sibwesa na katika kila kata inayofanana nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kuwasuluhisha wanaogombana. Chombo hicho hakina mizinga wala ving'ora, nacho ni chombo cha kupinga vita. Mkulima na mfugaji wanaposikilizwa hapo kwa haki, mpaka wa shamba unapowekwa wazi mbele ya wote, mjane anapopata chake, na raia aliyezaliwa Mishamo anapohesabiwa sawa na aliyezaliwa Sibwesa, ufa unazibwa kabla haujawa ukuta wa kujenga upya.

Lakini baraza lililowekwa kwa jina tu, ambalo wanawake wake watatu huitwa kutia sahihi mambo yaliyokwisha kuamuliwa, ni ufa mwingine. Wananchi hawana budi kuhudhuria mikutano mikuu ya vijiji vyao, kuwachagua wajumbe wasionunulika na kuwahoji. Viongozi nao hawana budi kukumbuka kwamba ugomvi wa mpaka wa shamba unaopuuzwa leo unaweza kesho kuwatoa watu majumbani mwao. Majirani zao wa Mishamo wanajua uchungu wa safari hiyo.