Kondakta wa Kujitolea: Pambo la Tramu au Msimulizi wa Kazi?

Aghalabu jumba la makumbusho hutambuliwa kwa vitu lilivyohifadhi: vyungu, ngoma, mikuki na magari makuukuu. Ni nadra kusikia ikisemwa kuwa kazi nayo, yaani maarifa yaliyomo mikononi na kinywani mwa mtu, ni turathi inayostahili kuhifadhiwa. Huko Crich, katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, lipo jumba la makumbusho ya tramu ambalo limejaribu kuhifadhi vyote viwili. Tramu ni gari la abiria liendalo juu ya reli zilizolazwa barabarani, na miji mingi ya Uingereza iliitegemea kabla ya basi kuipiku. London iliziondoa tramu zake za zamani mwaka wa 1952, Sheffield mwaka wa 1960, na Glasgow mwaka wa 1962. Waliosikitishwa na kutoweka huko waliunda chama mwaka wa 1955, na mwaka wa 1959 wakapata machimbo ya mawe huko Crich. Tramu ya kukokotwa na farasi ilianza kuwabeba wageni mwaka wa 1963, na ya umeme mwaka uliofuata. Kazi hiyo ilianzishwa na watu wa kujitolea, na wangali wapo hadi leo, wakiwemo makondakta wanaokata tiketi bila kutia senti mfukoni.

Mgeni aingiapo hupewa peni ya zamani, sarafu ya enzi ambapo pauni moja ilikuwa peni 240, hesabu iliyokomeshwa mwaka wa 1971. Peni hiyo humpa kondakta, naye akapewa tiketi. Mchezo wa watoto, atasema mkosoaji. Hata hivyo, kengele si mchezo. Mlio mmoja humwambia dereva asimame. Miwili humwambia aondoke. Dereva yuko mbele na hawezi kumwona ajuza aliyetia mguu mmoja kwenye kidato cha nyuma. Kondakta akikosea, ajuza huyo ataanguka vilevile kama angalivyoanguka mwaka wa 1920. Tramu ifikapo mwisho wa njia, kondakta huugeuza ule mti mrefu unaogusa waya wa umeme juu ya paa, kisha huzigeuza egemeo za viti ili abiria waelekee waendako. Maarifa haya hayapatikani kitabuni pekee. Hurithishwa na mwenye kujua kwa asiyejua, tramu ikiwa njiani, na pasipokuwa na mtu wa kujitolea kuyapokea hufa.

Wapo wanaodai kuwa haya yote ni burudani ya wastaafu wanaoililia enzi ya ujana wao. Dai hili halipaswi kupuuzwa. Anayejitolea huchagua siku ya kufika. Kondakta wa zamani hakuchagua. Sare anayoivaa mmoja kwa fahari Jumapili, mwenzake aliivaa kwa ajili ya mkate. Isitoshe, si kila mtu aliruhusiwa kuivaa.

Mwaka wa 1915, wanaume walipokuwa vitani, jiji la Glasgow lilianza kuwaajiri wanawake kuwa makondakta wa tramu, na miji mingine ikafanya hivyo. Agosti 1918, wanawake wa mabasi na tramu za London waligoma kwa kunyimwa nyongeza ya vita waliyopewa wanaume, nao wakaipata. Vita vilipokwisha, wengi waliondolewa ili wanaume warudi. Baadaye, mjini Bristol, kampuni ya mabasi iliyokuwa na asili yake katika tramu ilikataa kuwaajiri weusi na Waasia kuwa makondakta au madereva. Wakazi wenye asili ya visiwa vya Karibi waliongoza mgomo wa kutopanda mabasi hayo, na kampuni ikasalimu amri Agosti 28, 1963. Huo ndio mwaka ule ule ambao farasi wa Crich alianza kukokota wageni.

Kwa hivyo yafaa mafunzo ya kondakta wa kujitolea, popote tramu za kale ziendeshwapo, yasiishie kwenye kengele na tiketi. Hakuna anayedai ahutubu. Safari yenyewe ni ya kama maili moja tu. Lakini yeye ndiye kinywa ambacho mgeni hukutana nacho, na mtoto akimwuliza ni nani waliokuwa wakifanya kazi hii, anastahili jibu la kweli. Jumba linaloling'arisha gari na kuinyamazia kazi limehifadhi mbao na chuma.

Mkenya naye asidhani kuwa hili ni jambo la mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na vigari vya abiria vilivyopita juu ya reli nyembamba, navyo havikuvutwa na farasi wala umeme: vilisukumwa na watu. Nairobi ina Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, na humo limo behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi, Charles Ryall, huko Kima mwaka wa 1900. Kisa cha simba kinajulikana, na ni kisa kitamu. Kisichojulikana sana ni kisa cha gadi, mchochea makaa na mfagia behewa katika shirika ambalo enzi ya ukoloni liliwapanga wafanyakazi kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini.

Wanafunzi wa Kiswahili wana likizo ndefu, na wana lugha ambayo wastaafu wengi wa reli waliitumia kazini. Wakijitolea kwenye makumbusho hata siku mbili kwa mwezi, hawatahitaji injini iwashwe. Watahitaji daftari, na mzee mmoja wa kumwuliza filimbi ilipulizwa mara ngapi kabla ya gari moshi kuondoka, amri hiyo iliitwaje, na ni nani aliyeruhusiwa kuitoa.